Kibao cha Umeme na Maagizo Yake

1. Vifaranga na baridi

Katika Nyanda za Juu za Kusini baridi ya mwezi wa Juni na Julai si jambo dogo. Mji wa Iringa uko juu ya usawa wa bahari zaidi ya mita 1,500, na mji wa Mbeya wakaribia mita 1,700. Usiku wa miezi hiyo upepo hushuka kutoka milimani, na huko Uporoto na Mufindi pengine asubuhi umande huonekana umeganda juu ya majani. Mtu mzima hujifunika blanketi, na ng'ombe hukusanyika zizini. Lakini kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kumtosha, wala hawezi kujipatia joto mwenyewe.

Kifaranga aliyeatamiwa na kuku hujificha chini ya mbawa za mama yake. Kifaranga aliyenunuliwa akaletwa ndani ya sanduku hana mama, na kwa hiyo mfugaji ndiye mama yake. Katika juma la kwanza mahali pake pa kulala pataka joto la nyuzi 32 hata 35. Baada ya hapo joto hupunguzwa kiasi cha nyuzi 3 kila juma, mpaka manyoya yamwote. Vifaranga wakipatwa na baridi hukusanyika pamoja na kulaliana, na walio chini hukosa pumzi wakafa. Mfugaji akilala usingizi mzito, na mkaa ukazimika saa nane ya usiku, kulipokucha huweza kukuta wengi wamekufa, na fedha alizotegemea kulipia mahitaji ya watoto wake zimekwenda pamoja nao.

Basi, ni nani atakayekesha usiku kucha akikitazama kipimajoto? Mtu huchoka, na macho yake hufumba bila ya kupenda. Kibao kidogo cha umeme hakichoki. Mwanagenzi aliyejifunza habari za umeme darasani aweza kukitengeneza kwa mikono yake, akakipa maagizo ya kupima joto usiku kucha na kumwamsha mfugaji linaposhuka. Yafuatayo ni maelezo ya kazi hiyo tangu mwanzo hata mwisho, pamoja na jambo moja lipasalo kujulikana kabla ya kukikabidhi kibao uhai wa kiumbe chochote.

2. Njia ya umeme

Umeme hupita katika njia, kama vile magari yapitavyo katika barabara kuu itokayo Iringa, ikapita Mafinga na Makambako, hata Mbeya. Daraja moja likivunjika, magari yote husimama. Vivyo hivyo umeme hautembei ila njia yake iwe imeungana pande zote, kutoka mahali utokapo mpaka mahali unaporudia. Njia hiyo iliyoungana huitwa saketi. Ikikatika mahali pamoja tu, hata kama nafasi ni nyembamba kama unywele, kazi yote husimama.

Umeme mwingi utumikao nchini hupatikana kwa nguvu za maji. Mto Ruaha Mkuu, ambao vijito vyake vingi hutoka katika milima ya nyanda hizi, huendesha mitambo ya Mtera, yenye nguvu ya megawati 80, na ile ya Kidatu, yenye megawati 204. Umeme unaofika nyumbani una msukumo wa volti 230, nao huweza kumwua mtu mara moja. Mwanagenzi asiuguse kamwe. Kibao chake hutumia volti 5 tu, kama zile zitolewazo na chaja ya simu, na umeme huo mdogo haumdhuru mtu aushikaye.

Hata hivyo umeme mdogo huweza kuharibu vyombo vidogo. Kwa sababu hii kipo kijiti kiitwacho rezista, ambacho kazi yake ni kuupunguza mwendo wa umeme, kama vile mkulima wa Usangu apunguzavyo maji ya mfereji kwa kuweka tope na majani mlangoni mwa jaruba. Kipimo cha ukinzani wake ni omu. Hesabu yake ni nyepesi. Taa ndogo nyekundu yataka volti 2, nayo imepewa 5. Basi zimebaki 3. Ukigawanya 3 kwa rezista ya omu 220, wapata karibu sehemu 14 katika elfu ya ampia moja. Kiasi hicho chatosha kuiwasha taa vizuri, wala hakiichomi. Mtu akiisahau rezista, taa huwaka sana kwa muda mfupi, kisha hufa, na pengine huharibu pamoja nayo kile chombo kilichoiwasha.

3. Waliotangulia

Zamani vyombo vya umeme kama redio viliunganishwa kwa nyaya nyingi, uzi kwa uzi, nazo zililehemiwa kwa mkono. Ndani ya sanduku la redio mlikuwa na nyaya zilizosongamana kama mizizi ya mgomba. Mwaka 1936, Paul Eisler, mhandisi aliyetoka Austria akahamia Uingereza, alitengeneza redio ambayo njia zake za umeme zilikuwa utando mwembamba wa shaba uliobandikwa juu ya kibao. Baada ya Vita Kuu ya Pili desturi hiyo ilienea, na leo hakuna simu wala redio isiyo na kibao cha namna hiyo ndani yake.

Mwaka 1958, Jack Kilby wa Marekani alionyesha kwamba vyombo kadhaa vya umeme vyaweza kufanywa pamoja katika kipande kimoja kidogo. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa kipande kimoja chenye uwezo wa kufanya hesabu kwa kufuata maagizo. Ndani yake mlikuwa na transista 2,300, ambazo ni kama milango midogo ya kuufungulia umeme na kuufunga.

Lakini vitu hivi vilikuwa vigumu kwa mtu asiye mhandisi. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, walimu na wanafunzi wa chuo kimoja walitengeneza kibao chepesi kwa ajili ya wanaoanza, wakakiita Arduino. Michoro yake waliitoa wazi, ili kila apendaye ajifunze na kutengeneza chake. Kibao kiitwacho Uno, kilichotolewa mwaka 2010, kina kipande cheusi chenye mapigo milioni 16 kwa sekunde moja, na njia za kutolea na kupokelea umeme. Hicho ndicho kitakachokuwa akili ya kazi hii. Kibao cha pili, chenye taa, king'ora na chombo cha kuhisi joto, mwanagenzi atakitengeneza mwenyewe.

Katika Afrika ya Mashariki pia wapo walioshika kazi hii. Mwaka 2013 wahandisi wa Nairobi walitangaza BRCK, chombo walichokibuni ili watu waweze kuunganishwa na mtandao hata mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara. Walikibuni kwa sababu shida hiyo ilikuwa shida yao wenyewe, na aijuaye shida ndiye aelekeaye kuitafutia dawa.

4. Kutengeneza kibao

Kwanza, mwanagenzi huchora njia zake katika karatasi. Asifanye haraka hapa. Huandika mahali pa kila chombo na kuchora mistari ya kuviunganisha, akiangalia kwamba mistari isigusane wala kukatana. Mchoro ukikosewa katika karatasi hufutwa kwa raba. Ukikosewa katika shaba, kibao kizima huharibika.

Pili, huchukua kibao kigumu kilichopakwa shaba upande mmoja, akakisugua kwa msasa laini mpaka shaba ing'ae. Shaba yenye mafuta ya vidole haishiki wino. Kisha huchora njia zake juu ya shaba kwa kalamu ya wino usiofutika kwa maji.

Tatu, huweka kibao katika maji yaliyotiwa kloridi ya chuma. Maji hayo hula shaba yote iliyo wazi, lakini ile iliyofunikwa na wino hayaigusi. Baada ya muda njia peke yake hubaki. Katika baridi ya Mbeya dawa hii hufanya kazi polepole sana, kwa hiyo bakuli lake huwekwa ndani ya beseni ya maji ya moto ili ipate joto. Bakuli liwe la plastiki, kwani dawa hiyo hula vyuma vingi. Kazi hii ifanywe mbele ya mwalimu au fundi, mikono ikiwa imevikwa glavu na macho yamefunikwa. Na dawa iliyokwisha kutumika isimwagwe mtoni wala shambani, maana shaba iliyoyeyuka ndani yake ni sumu kwa samaki. Hutiwa katika chupa ya plastiki, ikaandikwa jina lake, ikawekwa mbali na watoto.

Nne, kibao huoshwa kwa maji mengi, wino hufutwa, na matundu madogo yenye upana wa milimita 1 hivi hutobolewa mahali pa kupitishia miguu ya vyombo.

Vyombo vyenyewe si vingi. Kuna taa nyekundu na taa ya kijani, kila moja na rezista yake ya omu 220. Kuna king'ora kidogo cha namna itumiayo umeme haba. Kuna themista, ambayo ni tone dogo lenye miguu miwili, na ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyoongezeka. Na kuna rezista moja ya omu 10,000 ya kufuatana na themista hiyo. Mafundi wa redio na simu, kama wale wa Mwanjelwa mjini Mbeya, huvijua sana vyombo vya namna hii, na mwanagenzi mwenye adabu akienda kwao kuuliza hakosi kufundishwa jambo.

5. Kulehemu na kupima

Kulehemu ni kuunganisha mguu wa chombo na njia ya shaba kwa lehemu iliyoyeyushwa. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka karibu na nyuzi 190, na chuma cha kulehemia huwa na moto zaidi ya huo, kwa hiyo hushikwa penye mpini tu. Mwanagenzi wengi hukosea kwa kuyeyusha lehemu juu ya chuma, kisha kuidondosha juu ya kibao kama nta ya mshumaa. Lehemu iliyodondoshwa hivyo hukaa juu kama tone la maji juu ya jani la mgimbi, haishiki. Desturi iliyo njema ni kuutia joto mguu wa chombo na shaba pamoja, kwa sekunde mbili au tatu, ndipo lehemu iguswe hapo. Nayo huyeyuka na kuenea yenyewe, ikang'aa. Kazi ifanyikie mahali penye hewa, moshi wake usivutwe, na mikono ioshwe kabla ya kula, maana risasi ni sumu.

Miguu ya taa haifanani. Ule mrefu ndio wa kupokea umeme. Taa ikigeuzwa, haitawaka.

Kazi ya kulehemu ikiisha, mwanagenzi huwa na hamu kubwa ya kuunganisha umeme aone taa ikiwaka. Na ajizuie kwanza. Achukue kipimaumeme, agusishe ncha zake katika njia moja moja, aone kama zilizopaswa kuungana zimeungana, na zilizopaswa kutengana zimetengana. Tone moja la lehemu lililoangukia kati ya njia mbili laweza kuupitisha umeme mahali pasipo pake. Dakika kumi za kupima huokoa siku nzima ya kutafuta vyombo vipya. Wazee walisema, haraka haraka haina baraka.

6. Kuandika maagizo

Sasa kibao kina njia, lakini hakijui la kufanya. Chahitaji maagizo, na maagizo yaliyopangwa kwa taratibu huitwa programu. Mwanagenzi huyaandika katika kompyuta, kwa lugha maalumu yenye maneno machache na alama nyingi. Kompyuta huyageuza kuwa namba za 0 na 1, kisha huyapeleka kwa waya katika kibao cha Uno. Yakiisha kuingia, waya wa kompyuta waweza kuondolewa, na kibao hakitayasahau hata umeme ukizimwa.

Kwanza mwanagenzi hana budi kujua kibao kionavyo joto. Kibao hakijui nyuzi. Hupima volti zinazotoka kati ya themista na rezista, na kuzitaja kwa namba, tangu 0 hata 1023. Themista ya omu 10,000, ikiwekwa upande wa volti 5, husomeka karibu 512, yaani nusu, wakati joto ni nyuzi 25. Joto likipanda, namba nayo hupanda. Nyuzi 32 huenda zikasomeka karibu 590. Lakini themista hazilingani zote. Basi mwanagenzi huweka themista yake karibu na kipimajoto cha kawaida, huongeza joto kidogo kidogo, na kuandika katika daftari namba anayoiona kwa kila uzi. Namba alizozipima mwenyewe ndizo za kuaminiwa.

Ndipo huandika maagizo yake. Yakisemwa kwa Kiswahili ni haya:

Agizo la 1. Washa taa ya kijani kitambo kidogo, kisha izime.
Agizo la 2. Pima joto.
Agizo la 3. Kama joto ni chini ya nyuzi 32, liza king'ora na uwashe taa nyekundu.
Agizo la 4. Kama joto limefika nyuzi 34 au zaidi, nyamazisha king'ora na uzime taa nyekundu.
Agizo la 5. Ngoja sekunde moja, kisha rudi katika agizo la 1.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini king'ora kianze kulia chini ya nyuzi 32, lakini kisinyamaze mpaka zifike 34? Sababu yake ni hii. Joto halitulii mahali pamoja. Hupanda na kushuka kidogo kila wakati. Kama king'ora kingeanza na kunyamaza penye nyuzi 32, kingelia na kunyamaza, kikalia na kunyamaza, mfugaji asijue kama mkaa aliouongeza umetosha. Nafasi ile ya nyuzi mbili hukituliza.

Na taa ya kijani ina kazi gani? Huonyesha kwamba kibao ki hai. Kibao kilichokosa umeme hakilii. Mfugaji akisikia kimya hudhani kwamba vifaranga wana joto, kumbe kibao kimezimika. Akiiona taa ya kijani ikimetameta kila sekunde, hujua kwamba kibao kiko kazini. Isipometameta, aamke akatazame. Kwa sababu hiyo pia ni vema kibao kiwe na betri ya akiba, kwa usiku ambao umeme wa nyumba hukatika.

7. Neno moja lililokosewa

Hapa ndipo lilipo jambo lile kubwa. Kibao hutii maneno yaliyoandikwa, wala hakijui nia ya aliyeyaandika.

Chukua mfano. Mwanagenzi ameandika maagizo yote matano. Lakini katika agizo la 3, mahali pa kuandika "chini ya", kalamu yake imeteleza akaandika "zaidi ya". Katika lugha ya kibao hiyo ni alama moja tu iliyogeuzwa kichwa. Kompyuta haitamkemea, kwa sababu maneno yake yameandikwa sawasawa. Kibao hakitakataa. Taa ya kijani itametameta kama kawaida. Jioni mkaa ungali unawaka, vifaranga wana joto la nyuzi 33, na king'ora chalia. Mwanagenzi anadhani kwamba kina kelele kupita kiasi, anakivumilia. Saa nane ya usiku mkaa unazimika, joto linashuka mpaka nyuzi 20, na king'ora chaendelea kulia vile vile, kwani hakuna agizo linalokinyamazisha. Mfugaji amekwisha kuizoea kelele hiyo, wala haamki, kwa kuwa haimwambii jambo jipya. Kulipokucha, hasara.

Mtumishi mwenye akili akiambiwa neno lisilofaa hurudi kuuliza, "Bwana, je, ndivyo ulivyokusudia?" Kibao hakiulizi. Jambo hili lilitambuliwa zamani sana. Mwaka 1843, mwanamke wa Kiingereza aitwaye Ada Lovelace aliandika habari za mtambo wa hesabu uliobuniwa na Charles Babbage, ambao haukumalizika kujengwa. Alieleza kwamba mtambo kama ule hauanzishi jambo lolote lenyewe; hufanya yale tu ambayo watu wanajua kuuagiza. Miaka mingi imepita, na vibao vimekuwa vidogo kuliko ukucha, lakini neno hilo limebaki kweli kwa kibao cha mwanagenzi.

Kwa hiyo kosa la kibao ni kosa la mwandishi wake, na mwandishi ndiye apasaye kulitafuta.

8. Kujaribu kabla ya kuamini

Mwanagenzi mwenye busara hakipeleki kibao chake kwa vifaranga siku ile ile kilipokamilika. Hukijaribu kwanza juu ya meza. Huweka themista karibu na chupa ya maji ya moto, akangoja mpaka kipimajoto kionyeshe nyuzi 35. King'ora kimenyamaza? Vema. Kisha huiondoa chupa na kufungua dirisha, akangoja joto lishuke chini ya 32. King'ora kimelia? Vema. Huirudisha chupa, akatazama kama kitanyamaza penye 34. Kila analoliona huliandika katika daftari. Lile kosa la "zaidi ya" lingegunduliwa hapo hapo mezani, bila ya kifaranga hata mmoja kufa.

Halafu hujaribu mambo mabaya kwa kusudi. Huuchomoa waya mmoja wa themista. Kibao huona kama kwamba baridi imekuwa kali mno, na king'ora hulia. Hilo ni jema, maana mfugaji ataamka akauona waya uliokatika. Huzima umeme wa chaja. Je, betri imeshika kazi? Humwita mtu alale chumba cha pili. Je, amesikia?

Jaribio likishindwa, mwanagenzi asikate tamaa wala asibadili mambo matano kwa mara moja. Abadili jambo moja, ajaribu, aandike. Kisha abadili jingine. Abadilishaye yote pamoja hajui ni lipi lililoponya. Kupotea njia ndiko kujua njia, lakini ni kwa yule akumbukaye alipopita.

Hata baada ya majaribio hayo yote, usiku wa kwanza mfugaji na mwanagenzi huamka mara kadhaa kuwatazama vifaranga wenyewe. Vifaranga wakitawanyika na kula kwa utulivu, joto limewafaa. Wakikusanyika mahali pamoja wakilia, baridi imewapata. Wakikaa mbali na moto vinywa vikiwa wazi, joto limezidi. Na kibao hiki hakipimi moshi. Mahali pawashwapo mkaa pawe na tundu la kupitishia hewa, kwani hewa chafu ya mkaa haina harufu ya kumwonya mtu, nayo huua watu na kuku.

9. Faida ya kazi hii

Mtoto aweza kudhani kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali. Sivyo. Mjini Mbeya kilifunguliwa chuo cha ufundi mwaka 1986. Mwaka 2005 kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia, na mwaka 2012 kikafanywa chuo kikuu. Mjini Iringa, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu cha Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005, hufunzwa walimu, na miongoni mwao wamo wa sayansi. Mwanafunzi wa leo wa darasa la saba aweza kuwa mwanachuo wa huko kesho, na aliyekwisha kulehemu kibao kimoja kwa mikono yake haingii huko mikono mitupu.

Na kibao hiki si cha vifaranga peke yao. Kikipewa chombo kingine cha kuhisi, chaweza kuangalia unyevu wa udongo katika kitalu cha chai, au maji yaliyobaki katika tangi la shule. Njia za shaba ni zile zile, lehemu ni ile ile, na desturi ya kupima na kujaribu ni ile ile. Kinachobadilika ni maagizo, na kila agizo jipya lataka jaribio lake jipya. Mwenye kulisahau hilo atakuwa na kibao kinachomtii usiku kucha katika jambo ambalo hakulikusudia.

Maswali

1. Kwa nini kifaranga wa siku moja huhitaji joto la kutengenezewa?
2. Taa yataka volti 2 na imepewa volti 5. Rezista ikiwa ya omu 300, umeme upitao ni kiasi gani?
3. Eleza kazi ya taa ya kijani. Ingekosekana, ni hatari gani ingetokea?
4. Kwa nini king'ora huanza kulia chini ya nyuzi 32, lakini hunyamaza penye nyuzi 34?
5. Andika maagizo matano kwa kibao kitakachoangalia maji katika tangi la shule. Kisha eleza jinsi utakavyoyajaribu kabla ya kuyaamini.